Meneja na Kombucha ya Jumamosi

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kutamkwa na haikuwahi kuvunjwa: gilasi ya Baba Mkwe hairudi jikoni na kitu ndani. Chakula ungeweza kukisaza, simu ungeweza kuipokea mezani, na siku ya mapumziko ungeweza kulala mpaka jua likufuate kitandani, usiulizwe. Lakini gilasi ya kombucha ya Jumamosi lazima irudi tupu, na anayeirudisha awe anatabasamu.

Bibi Harusi aliielewa sheria hiyo tangu wiki ya kwanza. Jina lenyewe la Bibi Harusi lilikuwa limemganda. Harusi ilishapita, maua yalishakauka, picha zilishatundikwa ukutani na moja ilishaanguka, lakini ukweni waliendelea kumwita hivyohivyo, naye akaona si neno, wapo walioitwa mabaya zaidi na wakwe zao. Kazi yake ilikuwa kupima macho ya watu kwenye duka la miwani. Kutwa alikaa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, akibadilisha vioo na kuuliza, kwa hiki au kwa hiki, unaona vizuri zaidi kwa kipi? Na kwa kuwa binadamu ni binadamu, wengi walimdanganya. Walikisia herufi wasizoziona ili wasimwangushe, utadhani yeye ndiye aliyezitunga, naye akawa anawaambia kwa upole kwamba hapa hakuna kufaulu wala kufeli, sema unachokiona. Mtu wa kazi kama hiyo ungetegemea awe wa kwanza kusema kweli nyumbani kwake. Basi ungekosea.

Baba Mkwe alikuwa mwokaji mikate, na si mwokaji wa kubahatisha. Alikuwa na tanuri lake na watu wake wa kukanda, na kwa muda mrefu mitaa kadhaa iliamka kwa harufu ya mikate yake. Angeweza kuonja chembe ya unga uliochachuka akakuambia maji yamezidi au kuna mtu kasahau chumvi. Halafu vumbi la unga likamwingia kifuani. Kikohozi kikawa hakimwachi, kikamlaza kitandani majuma kwa majuma, na aliponyanyuka daktari akamwambia achague kati ya unga na pumzi. Akachagua pumzi, kwa shingo upande, akamwachia mtu mwingine tanuri, akarudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa bure, na Meneja.

Meneja alikuwa mbwa. Alizaliwa nyuma ya magunia ya unga, akakulia hapohapo, na tangu utotoni alikuwa na tabia ya kupita meza hadi meza kila kazi inapoanza, ananusa hapa, anasimama pale, anamkazia mtu macho, kisha anaendelea na safari yake. Wakandaji ndio waliompa cheo. Walisema katika maisha yao hawajawahi kuona meneja mwingine anayefika kazini mapema. Sasa alikuwa amezeeka, pua imeingia mvi, lakini alikokwenda Baba Mkwe naye yupo, na Baba Mkwe alipokaa naye alijilaza, mgongo kwenye kiatu cha mzee. Mama Mkwe alipenda kusema kwamba siku Meneja atakapofumba macho, hajui kama atabakiwa na mume au na kivuli cha mume. Alisema hivyo huku akicheka, ila hakuna aliyecheka naye.

Kombucha iliingia nyumbani kwa mkono wa mteja wa zamani. Alileta kipande cha ule utando mnene, wa kuteleza, wenye rangi ya maziwa yaliyoingiwa na tone la chai, akaeleza: pika chai ya rangi, tia sukari, iache ipoe, uutumbukize humo, funika kwa kitambaa, weka kivulini, kisha usiwe na haraka. Utando wenyewe huitwa mama, kwa sababu kila baada ya muda huzaa mwingine. Mwokaji hahitaji kuelezwa mara mbili. Chachu ni chachu. Kufumba na kufumbua, kabati la vyombo vya wageni likawa limejaa mitungi ya kioo, na vyombo vya wageni vikawa vimehamia chini ya kitanda cha wifi yake Bibi Harusi.

Shida ilikuwa moja tu. Kombucha ya Baba Mkwe ilikuwa haimezeki.

Wanaoijua husema kombucha nzuri ina utamu kidogo, ukali kidogo na mapovu ya kuutekenya ulimi. Ya Baba Mkwe ilikuwa na ukali tu, ukali wa kukunja uso na kukaza taya, ukali wa kumkumbusha mtu meno yake yote, jino moja baada ya jingine. Bibi Harusi alipoionja mara ya kwanza machozi yalimlengalenga. Mzee alikuwa amesimama mbele yake, chupa mkononi, akimtazama usoni bila kupepesa. Hakuwa akiuliza kwa adabu ya mwenyeji. Alikuwa akisubiri jibu.

"Vipi, mwanangu?"

"Tamu, Baba."

Uso wa mzee ukakunjuka wote. Akamgeukia mwanawe, yaani mume wa Bibi Harusi, fundi wa lifti, mwanamume anayening'inia kwa kamba kwenye shimo la jengo refu huku akipiga mluzi. Naye, bila mluzi, akasema tamu. Wifi, aliyekuwa akisomea uhasibu, akasema hii imeizidi ya wiki iliyopita. Mama Mkwe alikuwa mshonaji wa mapazia mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, mwanamke aliyewahi kumrudishia mchungaji wa kanisa, jirani yao, kitambaa cha pazia na kumwambia rangi hiyo inafaa kufunikia maiti. Yeye alisema, "Asante, mume wangu," akapiga funda dogo na kunyanyuka na gilasi yake, akisema kuna pazia la watu linamsubiri. Bibi Harusi akajiona yeye peke yake ndiye mwenye ulimi mbovu katika ukoo mzima.

Baada ya kuonja, kila mtu alikuwa na mahali pake pa kumalizia. Baba Mkwe hakupenda watu wagugumie. Alitaka kila mmoja akae na gilasi yake kwa nafasi, na yeye akarudi jikoni kuosha mitungi. Mume akashuka na ya kwake kwenye banda la gari. Wifi akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na vitabu vyake. Mama Mkwe akajifungia na cherehani. Bibi Harusi akabaki barazani peke yake, yeye na gilasi wakitazamana.

Hapo ndipo Meneja alipotokea upande wa banda la gari. Akaja taratibu, akaketi mbele yake, akaitazama gilasi, akamtazama yeye, akairudia gilasi. Bibi Harusi akaangaza kushoto, akaangaza kulia, akaimimina kwenye bakuli la mbwa. Meneja akalamba mpaka bakuli likang'aa, akacheua kwa sauti ya mtu mzima, kisha akaondoka kuelekea ngazi za nyuma kwa mwendo wa mwenye shughuli nyingi. Bibi Harusi akairudisha gilasi jikoni ikiwa tupu, na yeye akiwa anatabasamu. Funika kombe mwanaharamu apite.

Ikawa ndiyo kawaida yao, kila Jumamosi. Mbwa anakuja, gilasi inainama, mzee anafurahi. Bibi Harusi alijua kuwa Meneja hapendi kukaa sehemu moja, ana ukaguzi wake wa nyumba nzima, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini kila akifika kwake huwa ndevu zimeshalowa.

Baada ya muda Meneja alianza kunenepa. Tumbo lilikuwa pipa huku miguu ikibaki ileile, na akilala lilikuwa likinguruma kiasi cha kumshtua mwenyewe. Wakasema ni uzee. Baba Mkwe alikuwa na wasiwasi zaidi yao wote, na kwa kuwa alishasikia kwamba kombucha ni nzuri kwa tumbo, akaanza kumchanganyia kijiko kimoja kwenye chakula kila asubuhi. Alimpimia kama anavyompimia mtoto dawa, akimshika kidevu na kumbembeleza amalize. Meneja hakuhitaji kubembelezwa. Mpaka hapo alikuwa mnywaji mzoefu.

Kisha likaja suala la zabibu. Siku alipopelekwa kutambulishwa ukweni, Bibi Harusi alikuwa amesema, na hilo lilikuwa kweli tupu, kwamba utotoni alikuwa akiuchokonoa mkate wa zabibu, anakula zabibu na kuuacha mkate na matundu yake. Watu walicheka yakaisha. Baba Mkwe hakusahau. Jumamosi moja alitoka jikoni na chupa zilizofungwa vizibo kwa kamba, na chini ya kila chupa kulikuwa na zabibu zilizovimba kwa kunywa kombucha siku nyingi. Akaanza kumimina gilasi ya Bibi Harusi kabla ya zote, hata kabla ya ile ya mkewe, zabibu zikashuka humo zikatua, akasema mbele ya wote kwamba hii ni ya mkwe wake, ameitengeneza kwa ajili yake, wengine wanaonjeshwa tu.

Bibi Harusi akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kumtengenezea kitu cha namna hiyo, na roho ilimuuma alivyokipenda kile kitendo na alivyokuwa akijua kitakachofuata. Akaonja. Ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Zabibu zenyewe zilikuwa zimegeuka vifuko vya siki. Akasema tamu, akasema hajawahi kuonja kitu kama hiki, jambo ambalo lilikuwa kweli, na mzee aliporudi jikoni akivumisha wimbo puani, Meneja akafika. Bibi Harusi akampa yote, na zabibu zake.

Kesho yake asubuhi Meneja hakuamka kukagua chochote. Walimkuta amelala ubavu kando ya kiti cha mzee, ametapika, tumbo limejaa na kukaza, macho yamefunguka nusu. Alipoitwa alipiga mkia sakafuni mara moja, basi. Baba Mkwe alimnyanyua peke yake, yeye na kifua chake, akakataa kusaidiwa, na hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Wakajazana wote kwenye gari, mbwa mapajani mwa mzee.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono isiyo na papara. Alimlaza Meneja mezani, akamsikiliza moyo, akambonyeza tumbo hapa na pale, akamtazama ufizi. Kisha akauliza amekula nini. Baba Mkwe akaeleza: chakula chake cha kila siku, maji safi, na kijiko kimoja cha kombucha kila asubuhi, anaitengeneza mwenyewe. Daktari akauliza kijiko cha ukubwa gani. Mzee akaonyesha kwa kidole. Daktari akauliza kama hakuna kingine, hata kidogo, hata kwa bahati mbaya. Mzee akasema hakuna, Meneja halishwi na mtu mwingine yeyote.

Daktari akavua glavu. Akasema kombucha si kinywaji cha mbwa, ina ukali, ina kafeini ya majani ya chai ndani yake, tuseme ile nguvu inayomwamsha mtu, na ikikaa sana inaingia na kileo kidogo. Lakini kijiko kimoja hakiwezi kufanya hivi.

"Kama ni kijiko tu," alisema, "basi kuna kitu kingine tumboni nisichokijua. Itabidi nimpasue nikitafute. Na kwa umri wake, niwaambie kweli, naweza nikampasua asiamke."

Mume akawa anaisoma picha ya aina za ng'ombe iliyobandikwa ukutani. Wifi akatoa simu, akaitazama, nayo ilikuwa imezimwa. Mama Mkwe akawa anaukunja mtandio wake, anaukunjua, anaukunja tena. Baba Mkwe alikuwa ameweka kiganja juu ya kichwa cha mbwa na kukiacha hapo.

"Basi ni mimi," akasema. "Ni hicho kijiko changu. Nilidhani namtibu, kumbe namuua."

Kwenye chumba chake cha kazini Bibi Harusi alikuwa anajua kabisa mtu anayekisia hufikishwa wapi: huvalishwa miwani isiyo yake, akaanguka ngazini. Hapa asiposema, mbwa atapasuliwa kwa ajili ya ugonjwa asiokuwa nao, na mzee wa watu atatembea na lawama isiyo yake mpaka kaburini. Akisema, Baba Mkwe atajua kwamba lile "tamu" halikuwa tamu hata siku moja, na gilasi aliyotengenezewa kwa upendo aliimwagia mbwa. Alitamani mtu mwingine afungue mdomo. Hakuna aliyefungua. Akapiga moyo konde.

"Si kijiko, Baba. Ni mimi. Nampa gilasi yangu. Kila Jumamosi, tangu nimekuja. Jana nimempa na zabibu zake."

Daktari akageuka haraka. "Zabibu?"

Lakini kabla hajajibiwa, mume wa Bibi Harusi, macho bado kwa ng'ombe, akasema na yeye pia. Gilasi nzima, kule kwenye banda. Wifi akasema na yeye, kwenye ngazi, ila yeye huwa anabakiza funda moja anywe ili asiwe mwongo kabisa. Wote wakamtazama Mama Mkwe. Mama Mkwe akaukunjua mtandio.

"Mimi ndiye niliyemzoesha," akasema. "Tangu mtungi wa kwanza, mume wangu."

Hesabu ikawa wazi kwa kila mtu mle ndani. Familia nzima ilikuwa imemficha mzee jambo moja, na kila mmoja alikuwa amewaficha wenzake jambo hilohilo, na Meneja masikini alikuwa akizunguka nyumba kila Jumamosi akiwasitiri wote. Pengine siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

Daktari hakuwa na nafasi ya kucheka. Akasema zabibu ni sumu kwa mbwa, zinaweza kuziua figo, na zaweza kumdhuru mmoja kwa chache tu na mwingine kwa nyingi, haijulikani. Ila kwa kuwa sasa anajua anapambana na nini, hakuna haja ya kisu. Angempa dawa ya kunyonya sumu tumboni, angemwekea dripu ya kuzisafisha figo, wasubiri. Akamwita msaidizi wake, wakaanza kumnyoa Meneja mguu wa mbele mahali pa sindano.

Baba Mkwe alisubiri mpaka dripu ikaanza kudondoka, ndipo akainama kwenye sikio la mbwa.

"Kumbe ulikuwa unakunywa peke yako," akamwambia.

Hakuwatazama. Wakarudi nyumbani bila yeye, maana alikataa kuondoka.

Siku zilizofuata mzee alikuwa akienda kliniki kunapokucha na kurudi jioni, anakula kimya, anajibu anachoulizwa. Meneja amekunywa maji. Meneja amesimama. Meneja amekojoa, na hilo daktari amelifurahia kuliko yote. Shikamoo aliitikia, pole alipokea, ila lile jicho lake la kumtazama mtu usoni na kusubiri jibu lilikuwa limeondoka. Nyumbani wakawa wanatembea kwa vidole. Mume wa Bibi Harusi alijaribu kuomba radhi, mzee akamkatiza, akamwambia hakuna neno, mwanangu, kisha akamuuliza habari za lifti. Hiyo "hakuna neno" ilimkosesha kijana wa watu usingizi kuliko ambavyo angepigwa kofi.

Meneja akarudi nyumbani, amekonda, mguu mmoja umenyolewa kama kichwa cha mwanajeshi, na agizo la daktari kwamba anywe maji tu. Wote walimpokea mlangoni. Akawapita mmoja mmoja, ananusa, akaenda kujilaza kwenye kiatu cha mzee. Furaha ilikuwepo. Lakini Jumamosi ilipofika, hakukuwa na gilasi. Baada ya chakula cha mchana Baba Mkwe alinyanyuka, akafungua kabati, akaanza kuitoa mitungi uani, mmoja mmoja.

Wakabaki mezani wanasikiliza sauti ya kioo kikiwekwa chini. Wifi akanong'ona kwamba mtu amzuie. Kaka yake akamuuliza wamzuie kwa kusema nini, waseme ni tamu? Mama Mkwe akamgeukia Bibi Harusi, na kwa mara ya kwanza hakumwita Bibi Harusi.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeanza kusema. Nenda ukamalizie."

Alimkuta mzee amechuchumaa kando ya mfereji wa maji machafu, anamimina. Kombucha ilikuwa ikitiririka, rangi ya asali, na Meneja ameketi mbali nayo kwa heshima. Bibi Harusi akachuchumaa kando yake. Akamwambia anaomba radhi. Akamwambia ile ya zabibu ndiyo iliyomuuma zaidi, kwa sababu ilikuwa yake. Akasema alikuwa mgeni, aliogopa, akafuata walivyosema wengine, na sasa hajui amkabili vipi.

Mzee akaendelea kumimina mpaka mtungi ukaisha.

"Sikukasirika kwa kuwa hamkuipenda," akasema. "Wapo walioukataa hata mkate wangu. Mtu akikataa unajifunza." Akaugeuza mtungi ukadondosha tone la mwisho. "Mimi sionji, mwanangu. Tangu kile kikohozi. Nilinyanyuka kitandani, nikatia chumvi mdomoni, nikaona mchanga. Sukari, mchanga. Kila kitu ni cha moto au cha baridi, basi."

Bibi Harusi akauliza kama Mama anajua.

"Hajui mtu. Mwokaji asiyeonja atamwambia nani?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikasema, ulimi umekufa lakini macho ninayo. Nitatazama nyuso zao. Mkasema tamu. Nikasema, kumbe hapa ndipo wanapopapenda, wiki ijayo niiache ichachuke zaidi. Mkasema imeizidi ya kwanza. Nikaiacha zaidi. Kila mliposifu, niliongeza."

Bibi Harusi, aliyekuwa akiwafundisha wateja wasikisie, alikuwa amemwongoza kipofu wa ulimi kwa kukisia, na kumpoteza kila Jumamosi, kwa tabasamu. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kulia, akaona kulia hapa ni kumpa mzee kazi ya kumbembeleza. Akainuka, akaingia jikoni, akarudi na vijiko na gilasi. Mitungi mingine ilikuwa bado haijamiminwa. Akachota kwenye mkubwa, akaonja, akasema.

"Hii ni mbaya, Baba."

Mzee akainua kichwa. "Mbaya vipi?"

"Inauma meno. Ukimeza inabaki hapa kooni, inakwaruza. Angepewa mwizi angeungama."

Mabega ya Baba Mkwe yakaanza kutikisika, na safari hii kicheko kilitoka tumboni, kikamkohoza, akajifuta macho kwa mkono wenye kombucha. Akaumwaga mtungi ule mwenyewe, kwa furaha kabisa. Akauliza huu je? Bibi Harusi akaonja. Huu nao ukamwagwe. Na huu? Huu pia, Baba, tena haraka, usije ukatoboa mfereji. Mlangoni watu watatu walikuwa wamesimama wakijifanya hawapo, na Mama Mkwe, aliyeyasikia yote, alikuwa amejiziba mdomo na mtandio.

Ukabaki mmoja, mdogo, uliokuwa nyuma kabisa ya kabati. Mzee alisema huo bado mpya, hata haujaiva, aliuweka juzijuzi tu kabla ya Meneja kuugua na akausahau. Bibi Harusi akachota. Akaonja. Akaonja tena. Mzee akamkazia macho usoni, lile jicho lake la zamani, lakini safari hii hakutosheka na uso.

"Usiniambie tamu," akasema. "Neno hilo silitaki tena humu ndani. Niambie inafanya nini."

Bibi Harusi akafumba macho ili asikosee. Akasema kwanza inakuja sukari, lakini si sukari ya chai, ni kama ya tunda ambalo halijaiva vizuri. Kisha mapovu, madogomadogo, yanakimbia kwenye ncha ya ulimi. Kisha ukali unaingia pembeni, hapa na hapa, mate yanajaa, lakini haukai, unapita. Halafu yanabaki majani ya chai, kwa mbali, na harufu fulani, nadhani ni ya unga mbichi, Baba, unga uliolala ukichachuka.

Alipofumbua macho, Baba Mkwe alikuwa amefumba ya kwake. Kijiko kilikuwa mkononi mwake, kitupu. Koo lake likapanda na kushuka, akameza.

"Endelea," akasema.